Alisema Chango, Nikasikia Minyoo

Nina miaka ishirini na tisa na ni daktari wa mifugo. Nina cheti cha kuthibitisha hilo. Lakini kuna siku moja ambayo tangu ipite, mtu akiniita daktari huwa nageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu.

Nilimaliza chuo miaka ile serikali ilipoacha kuwaajiri wahitimu kama zamani. Tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Mimi, binti wa Njombe, nikajikuta kwa shangazi Temeke, nachanja kuku wa majirani, na kuku mmoja akifa naanza kukokotoa upya kipimo cha chanjo hadi kichwa kinaniuma. Ndivyo nilivyo. Nafikiri mno, natenda kidogo.

Shangazi akasikia kuwa kuna mfanyabiashara huko Kunduchi aliyenunua farasi watatu wa kuwakodisha kwa wageni wa hoteli za ufukweni. Alikuwa anatafuta daktari. Nikaenda, nikapata kazi. Sikumwambia mtu kuwa chuoni farasi tulimsoma kitabuni tu... Mikono yangu ilizoea ng'ombe na mbuzi.

Mtunza farasi aliitwa Bakari, Mzaramo wa palepale Kunduchi, wa umri wa baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu daktari." Akawa ananiita hivyo siku zote. Farasi aliyempenda zaidi alikuwa jike la kahawia, Maua. "Huyu mke mwenza wa mama watoto," alinitania. "Mama watoto mwenyewe anajua, kashakubali."

Kiangazi kikaingia. Nyasi mbichi zikaadimika, farasi wakawa wanakula majani makavu, magumu kama ufagio. Kisima kikawa na chumvi, wakawa wanaonja maji na kuacha. Niliyaona hayo. Nikajiuliza nimwambie bosi, au ataona najitia kujua? Nikajiuliza wiki nzima. Sikusema.

Asubuhi moja nilimkuta Maua anaparura mchanga kwa kwato, anageuza shingo kuutazama ubavu wake. Bakari alikuwa amemshika kamba.

"Mwanangu daktari, huyu ana chango. Tangu jana limemshika."

Wasomaji wa pwani, nyie mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Kwetu, na hata shuleni, chango ni minyoo. Kwa Bakari, chango ni tumbo la kusokota, lile linalomkunja mama mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa ananitajia ugonjwa wenyewe, mimi nikasikia minyoo.

Lakini nisijifiche nyuma ya neno. Nilijua kinachotakiwa. Farasi akiumwa tumbo unauliza amepata choo lini, unasikiliza tumbo pande zote mbili, unapima mapigo ya moyo. Kisha unavaa glovu ndefu na kuingiza mkono nyuma, taratibu, ujue kama choo kimekauka na kuziba utumbo. Ila kitabu kilionya pia kuwa utumbo wa farasi huchanika upesi, na ukichanika amekufa. Onyo hilo ndilo lililonishika. Je, nikimchana? Je, akinipiga teke? Je, nikipapasa na nisijue ninachokigusa?

Glovu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Haikutoka.

Nikamnywesha Maua dawa ya minyoo.

"Humwingizi mkono?" Bakari akauliza. "Daktari wa zamani alikuwaga anaingiza mpaka kwapani."

"Si lazima," nikamjibu, nikafunga mkoba.

Kesho yake nilipofika, Maua alikuwa amelala chini, amelowa jasho, ufizi umekuwa wa zambarau. Bosi alikuwa ameshamwita daktari mstaafu kutoka Kawe. Yule mzee alivua shati, akapaka mkono mafuta, akauingiza. Alipoutoa akasema kuna donge la choo kubwa kama tikiti, gumu, limeziba utumbo mkubwa. Akapitisha mrija wa mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta ya parafini ya kulainisha choo, kisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli ya kukisukuma.

"Jana hii ingetosha," alisema. Kisha akanigeukia. "Jana ulipompima kwa mkono ulikuta nini?"

Wote walikuwa wananitazama. Bakari pia.

"Sikukuta kitu," nikasema.

Bakari aliinamisha macho.

Mchana Maua alitulia ghafla. Aliacha kugaagaa, akalala kimya. Nikamshukuru Mungu kwa sauti... Yule mzee akatikisa kichwa. "Utumbo umepasuka, binti. Huko siyo kupona." Akachukua sindano ya kumpumzisha milele.

Bosi akauliza kwa nini farasi alipewa dawa ya minyoo. Nikasema Bakari ndiye aliyeniambia ana minyoo. Ilinitoka kirahisi mno!

Bakari alifukuzwa siku hiyohiyo. Nilimfuata hadi getini.

"Mie nilisema chango," aliniambia. "Sikusema minyoo. Na mkono hukuingiza." Hakuniita mwanangu.

Miezi mitatu nilitunga maneno ya kumwambia bosi, nikayafuta, nikatunga mengine. Nilipokwenda mwishowe kukiri, farasi wawili waliobaki walikuwa wameshauzwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa unataka nikufanyeje?"

Bakari nilimkuta kwenye machimbo ya kokoto, anaponda mawe kwa nyundo. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila ile siku nilinyamaza nikidhani utasema mwenyewe. Nilikuwa nakusubiri." Akaendelea kuponda.

Nyie mnaotoka vyuoni mkaona aibu kusema hamjui, nawasihi. Mtu akikutajia ugonjwa kwa neno la kwao, muulize ana maana gani, hata kama atakucheka. Na ukiogopa, sema naogopa, mwite mwenye kujua, mbele ya mwenye mnyama na mbele ya mtunza mnyama. Aibu ikupate hapohapo, mnyama akiwa bado amesimama.