Minyororo ya Trela ya Anselmo

"Dakika tano hazitamuua," nilimwambia mume wangu, Anselmo.

"Moto uko kilimani na wewe umenishikia funguo. Toka njiani, Mireya."

Sikumpa. Paloma, farasi mzee wa mama yake, alikuwa bado zizini bondeni, na wazimamoto walikuwa wametupa saa moja tu kumtoa. Mama mkwe alikuwa tayari ndani ya pikapu, ameshika hatamu ya Paloma mapajani.

Aliyeniomba nimzuie ni jirani yetu Loretta, aliyefanya kazi ya kuzima moto msituni miaka kumi na moja. Alikuwa amechuchumaa pale trela inapofungwa kwenye pikapu. Akamwita Anselmo aangalie minyororo ya usalama, ile inayoishika trela kiungio kikiachia. Viungo vya chini viling'aa kama kijiko kipya, vimesuguliwa na lami hadi kutoa cheche.

Anselmo akasema kila mtu hapa huiburuta, hata marehemu baba yake.

"Baba yako hakuwa na nyasi hizi," Loretta akajibu.

Akaeleza kwamba zamani hapa jangwani ardhi kati ya madungusi ilikuwa tupu, na moto ulikosa pa kupita. Sasa nyasi ngeni zimejaa hadi ukingoni mwa barabara, na zikikauka, cheche moja inatosha. Moto huu ulianza Jumamosi, sehemu nne kando ya barabara ya ziwani.

Anselmo akaitazama minyororo tena. Jumamosi tulivuta boti kwenda ziwani, minyororo ikiburuta vivyo hivyo.

"Ni mimi?" akauliza polepole.

"Sijui. Trela nyingi zilipita. Lakini leo huendi hivi."

Anselmo akapiga magoti. Loretta akamwelekeza apishanishe minyororo chini ya kiungio, kisha afupishe kila mmoja, abakize urefu wa kukatia kona tu. Wa kwanza ulikaa. Kwa wa pili koleo lilimponyoka, likaanguka.

Mama mkwe akashuka. Ana miaka sabini na minane.

"Paloma ananijua," akasema. "Atanisubiri. Sogea, mwanangu."

Akaufunga yeye. Loretta akapitisha kiganja chini ya minyororo. Hakuna uliofika karibu na lami. Nikampa Anselmo funguo.

Tulishuka bondeni bila mlio wa chuma. Paloma alikuwa amesimama langoni, majivu mgongoni. Mama mkwe akamvisha hatamu, akampangusa kwa mkono, akamwingiza kwenye trela.