"Nice", kwa Maana ya Kwanza

Ambrose Pellow alikuwa mwana wa Silas Pellow, mwalimu aliyeheshimiwa Truro nzima, na mjukuu wa Josiah Pellow, aliyeiandikia kamusi kubwa ya Kiingereza vikaratasi elfu tisa vya maelezo ya maneno kwa mkono wake mwenyewe. Katika ukoo huo hapakuwa na mtu aliyetamka neno asilojua asili yake.

Asubuhi hiyo Ambrose alikuwa akikimbia.

Mbele yake, kwenye gati la Harwich, mtu mwenye kofia ya kijani alijipenyeza katikati ya abiria wa meli. Mkobani mwake mlikuwa na filamu ya Minox, kamera ndogo ya kijasusi, yenye majina ya watu kumi na mmoja walioipelelezea Uingereza ng'ambo. Filamu ikivuka bahari, wote watanyongwa.

Redio ilikoroma chini ya koti.

"Ambrose, simama!" Ilikuwa sauti ya Desmond Harbottle, mwenzake wa miaka kumi na miwili, baba wa ubatizo wa bintiye. Alikuwa ndani ya gari lao, Rover, langoni mwa bandari. "Mzee Wragge kapiga simu sasa hivi. Tunamfukuza mtu siye."

"Kasemaje?"

"Kasema jamaa ni nice. Tumwache apande."

"Nice? Katamka hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, ndugu yangu! Au nikusomee imla?"

Ambrose alisimama.

Wragge, mkuu wa idara yao, alikuwa amefundisha historia ya maneno kabla ya kuingia ujasusi. Somo lake la kwanza halikubadilika kamwe. *Nice* lilitokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua. Waingereza wa kale walimwita hivyo mpumbavu. Baadaye likawa la mtu mwenye kuchaguachagua, kisha la jambo lililo sahihi kabisa, na hatimaye, kwa uvivu wa ndimi, likawa la kila kizuri, kuanzia keki hadi hali ya hewa.

Wragge aliichukia maana hiyo ya mwisho. Kwa miaka thelathini hakumsifu mtu kwa neno hilo. Aliyelitumia hivyo mbele yake alitolewa chumbani.

Desmond alisinzia katika somo lile. Ambrose ndiye aliyemwazima daftari, nalo likarudi bila kufunguliwa.

Amri ilikuwa ya uongo.

Na kwa kuwa Desmond aliijua sauti ya Wragge, hakuna ambaye angemdanganya kwa simu: mtungaji wake alikuwa Desmond mwenyewe.

Ambrose alizima redio. Hatua kumi. Akamkamata mtu wa kofia ya kijani ukosini, bastola yake ya Webley ikamgusa ubavuni. Filamu ilikuwa ndani ya mkebe wa poda ya meno. Polisi wa bandari wakamfunga pingu.

Akarudi kwenye Rover. Desmond aliuona mkebe, akapeleka mkono ndani ya koti.

"Usithubutu."

Mkono ulirudi taratibu.

"Nani kanichoma?"

"Mdomo wako. Wragge hasemi vile."

"Kwa neno moja tu? Lo! Nyie akina Pellow na kamusi zenu!"

"Watu kumi na mmoja, Desmond. Wengine umekula nao meza moja."

Desmond aliinamisha kichwa. "Usiniamini kwa lolote, ila hili ni kweli: kwangu umekuwa mtu nice."

"Nimekuwa," Ambrose alisema. "Kwa maana ya kwanza."

Akawakabidhi polisi rafiki yake, akanyoosha kofia yake, akaenda zake bila kugeuka.

Nanyi vijana mnaosinzia darasani, ketini wima mnisikilize: msitie kinywani neno msilojua lilikotoka. Sitarudia.