Baba wa Krismasi Tu

Kila alasiri, akisharudi shule na kuvua sare, Chiriku aliokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na baba kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Siku moja aliziacha nyuzi, akainua macho. Mama alikuwa akishona pamba nyeupe kwenye ukosi wa koti jekundu.

"Mama, hilo la nani?"

"La baba yako. Mdogo wako kutwa ananiuliza Baba Krismasi anakuja lini. Basi mwaka huu atamwona, ndevu na kila kitu. Na wewe chunga mdomo!"

Chiriku alicheka, kisha akakumbuka. Kabla baba hajaanza kuendesha malori ya safari ndefu, Krismasi yao haikuhitaji koti wala ndevu. Baba alimbeba mabegani ili atundike karatasi za rangi juu ya mlango, huku akiimba kwa sauti ya kwenda kombo mpaka mama akaziba masikio. Siku zile zilikuwa tamu jamani! Mdogo wake, Kifungo, hakuzijua. Baba alipoanza safari, yeye alikuwa bado ananyonya.

Jioni Kifungo aliingia amevimbisha mashavu. Watoto wa jirani walikuwa wamemcheka.

"Nimewaambia Baba Krismasi ni baba yangu," alilalamika. "Si kweli, dada? Baba zao wapo kila siku. Wangu anakuja Krismasi tu."

Chiriku alitamani kuitikia ili amfurahishe, lakini moyo ulikataa. Akamfuata mama.

"Mama, Kifungo anamwona baba siku chache tu kwa mwaka. Hizo nazo tumfunike baba uso kwa ndevu?"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Nilitaka afurahi," alisema taratibu. "Hilo sikuliona." Akachukua simu, akampigia baba.

Baba alifika mchana wa mkesha, nguo zimejaa vumbi. Kifungo alichungulia nyuma ya gauni la mama.

"Wewe ndiye Baba Krismasi?"

Baba alichuchumaa. "Hapana, mwanangu. Mimi ni baba yako. Hata mwezi wa tatu, nikiwa barabarani huko mbali, bado ni baba yako. Kazi tu ndiyo inayonichelewesha."

"Na yule wa ndevu?"

"Yule ni mchezo. Watu huvaa hivyo kuchangamsha watoto. Kesho tutaucheza, na wewe utavaa koti."

Kifungo alimrukia shingoni, akang'ang'ania. Mama alijifuta macho, akamgeukia Chiriku.

"Mchezo hunoga kila mtu akijua ni mchezo," alisema. "Ila mtoto akiuliza habari za baba yake, aambiwe ukweli. Leo umenifundisha, mwanangu."

Kifungo alikuwa tayari amefika mlangoni, akiwapigia kelele wenzake: "Nyie! Baba yangu si Baba Krismasi! Ni baba yangu wa kila siku!"