Visu vya Springi

Luhaga alikuwa mhunzi wa Mkolani. Alifanya kazi nyuma ya nyumba yake, chini ya paa la bati. Kila asubuhi mke wake, Teodora, aliwasha makaa. Kisha alikaa kwenye mivukuto na kupuliza moto. Luhaga alishika koleo na nyundo, akafua visu.

Zamani Luhaga alifua nondo na majembe yaliyochakaa. Mivukuto ilivutwa na mpwa wake, Antoni. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa nchini. Visu vya kutoka nje vikajaa katika soko la Mkuyuni. Malori nayo yakaongezeka, na springi zilizokatika zikapatikana kwa wingi kwenye gereji. Luhaga akaanza kufua springi ili visu vyake viwe vikali zaidi. Msimu huo Antoni alipata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Teodora akashika mivukuto.

Siku moja alikuja Mama Ndalahwa, muuzaji wa vichwa vya sangara. Alikuwa na plasta shavuni.

"Luhaga! Uliniuzia kisu au kigae?" Akatupa vipande viwili chini.

"Kimefanya nini?"

"Nimepiga kichwa cha sangara, kisu kikavunjika. Kipande kikanirukia hapa, karibu na jicho. Samaki amekufa tangu juzi, bado amekushinda!"

"Pole sana, Mama Ndalahwa," alisema Teodora.

"Pole haikati samaki, mwenzangu. Na wenzangu sokoni wamevunjikiwa vilevile. Kikivunjika kingine, tunahamia vya dukani."

Alipoondoka, Luhaga alimgeukia mke wake, mama wa binti yao Rose. Akasema, "Mama Rose, kuanzia leo usiguse mivukuto."

"Nimekosa nini?"

"Baba yangu alinionya. Mwanamke akikaa kwenye mivukuto, chuma kinaharibika. Antoni alipokuwa hapa, kisu gani kilivunjika?"

"Na makaa ninayobeba kichwani, hayo hayaharibu chuma?"

Luhaga akaweka nyundo chini. Teodora aliumia, kwa sababu kazi ile aliipenda. Aliokota kipande kimoja cha kisu, akaenda kwa jirani yao, mzee Rwekaza. Mzee huyu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha pamba. Wafanyakazi walipopunguzwa, akawa anatengeneza pampu nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo sisikii nyundo?"

Teodora akamweleza yote. Rwekaza akakigeuza kipande juani.

"Tazama hapa kilipovunjika. Kina chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Kilichomwa mno. Ni chuma cha nini?"

"Springi."

"Mlianza springi lini?"

Teodora akafikiri. "Msimu uleule nilioanza mivukuto."

"Basi vilibadilika vitu viwili," alisema Rwekaza. "Mume wako ameona kimoja. Twende."

Luhaga hakufurahi kuwaona. "Mzee, haya ni mambo ya wahunzi."

"Sawa. Leo nitavuta mivukuto mimi. Au na mimi ni mwanamke?"

Luhaga akacheka, akakubali. Teodora akasimama mbali, mlangoni pa nyumba. Luhaga akafua kisu cha springi. Akakichoma mpaka kikakaribia kuwa cheupe, akakichovya kwenye ndoo ya maji. Kikalia kwa mlio mkali. Kilipopoa, Rwekaza akakipiga kwenye mfupa wa ng'ombe. Kikavunjika.

"Hiki nacho kimeharibiwa na nani?" aliuliza.

Luhaga akaviokota vile vipande. "Nieleze, mzee."

"Nondo na jembe la zamani ni chuma laini. Ukikichovya kwenye maji, hakidhuriki. Springi ni chuma kigumu. Maji yanakipoza ghafla, kinakuwa kama kioo. Mrudishe mkeo kwenye mivukuto, mimi nimechoka."

Teodora akakaa mahali pake. Rwekaza akaleta oili chafu ya gari katika debe la chuma. Akaliweka nje, mbali na paa. Kando yake akaweka mfuniko na mchanga.

"Oili inaweza kuwaka," alisema. "Ikiwaka, funika. Usimwagie maji hata kidogo."

Kisu kipya kilipokuwa motoni, akakigusa kwa sumaku ya redio iliyokufa, aliyoifunga kwenye waya. "Sumaku ikishika, bado. Ikiacha kushika, moto umetosha. Usizidishe."

Sumaku ikaacha kushika. Luhaga akakichovya kisu kwenye oili.

"Tayari?" aliuliza Luhaga.

"Bado. Hapo ndipo wengi wanakosea. Sasa ni kigumu mno, kirudishie moto kidogo. Kisugue mpaka king'ae, kisha laza mgongo wake juu ya chuma cha moto. Rangi zitapanda zenyewe. Kwanza rangi ya nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Makali yakifika kahawia, toa upesi."

Luhaga akainama. Macho yake yalikuwa yamechoshwa na moto wa miaka mingi. "Sioni rangi yoyote."

"Nyasi kavu hiyo," alisema Teodora. "Inakolea... Kahawia! Toa, baba Rose, toa!"

Luhaga akatoa. Kilipopoa, wakakibana na kukipinda kidogo. Kikarudi kikanyooka. Wakakata nacho mfupa wa ng'ombe. Makali hayakumeguka.

Kesho yake Luhaga alikwenda Mkuyuni. Alikusanya visu vyote vya springi alivyouza, akavitia moto upya kwa njia ile. Akina mama wakaendelea kununua kwake. Hakuna aliyerudi na vipande.

Mwaka uliofuata mhunzi mmoja wa Kisesa, jina lake Shigela, alikuja kujifunza.

"Kufua nitakufundisha mimi," Luhaga alimwambia. "Rangi atakufundisha mama Rose."

Shigela alimtazama Teodora pale kwenye mivukuto, akasitasita. Akavuta kigoda chake, akakaa pembeni.

"Sogea, shemeji," alisema Teodora. "Ukikaa huko huoni kitu."

Shigela akasogea.