Kifungu cha Saba

Haba na haba hujaza kibaba, tulikaririshwa tangu darasa la pili. Hakuna aliyetuambia kwamba haba na haba humaliza kibaba pia. Hilo nililijua nyumbani, kwa mama yangu, ambaye ni mbunge.

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumfunga mama mdogo kamba za viatu. Mkono wake wa kulia una kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Vitatu vya katikati vilibaki kwenye mashine ya kiwanda cha unga, ambako mkanda ulizunguka wazi, bila kifuniko. Alipotoka hospitali mwenye kiwanda alimshukuru kwa utumishi wake, akamwonyesha lango. Kazi yangu ya pili ilikuwa kumpelekea mama chai mezani, alikokaa na muswada wake, kalamu ya risasi sikioni kama fundi seremala.

Muswada ule ulikuwa na vifungu tisa. Karibu vyote vilihusu vifuniko vya chuma juu ya mikanda ya mashine. Cha saba kilikuwa cha mama mdogo, ingawa jina lake halikuandikwa. Kilisema mfanyakazi aliyeumizwa na mashine, hata kama ni kabla ya sheria, arudishwe kwa kazi anayoiweza. Mama mdogo alikwisha kuchagua yake: karani wa mizani, palepale kiwandani. Kila jioni alichukua madaftari yangu ya zamani akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni ungedhani kuku amepekua ukurasa. Kufika mwezi wa nne aliandika vizuri kuliko mimi, na hakuacha kunikumbusha.

Shuleni walimwita mama Bubu, kwa sababu redioni hakusikika. Aliyependwa ni mbunge wa jimbo jirani, ambaye watu walimwita Ngurumo. Akisimama, hata waliolala bungeni waliamka. Lakini miswada yake mitatu ilikuwa imefia kwenye kamati. Alikuwa amewahutubia wenzake, hajamwomba hata mmoja amuunge mkono. Mama alikuwa amekaa miaka sita kwenye kamati ileile ya viwanda. Alisoma ripoti za wakaguzi mpaka kurasa za mwisho, akawasaidia wenzake kunyoosha miswada yao, na alijua mtoto wa nani anaumwa.

"Hotuba ni ya redio," aliniambia. "Muswada unataka wajumbe tisa kati ya kumi na saba."

Alikuwa nao saba. Wawili aliowahitaji walikuwa watu wa Ngurumo.

Ngurumo alikuja kwetu Jumamosi mchana. Alikunywa vikombe viwili, akasifu chai, ndipo akataja bei. Kwanza alitaka muswada ubebe jina lake. Mama alikubali kabla hajameza chai yake. Akataka muda wa kuweka vifuniko uwe mwaka badala ya miezi mitatu. Mama akakubali. Akataka adhabu ilegezwe. Hapo mama alibishana kidogo, kisha akakubali. Mwisho akaweka kidole juu ya kifungu cha saba.

"Dada yangu, hiki kitawaudhi wenye viwanda. Kitoe, nami nakupa watu wangu wawili leo hii."

Jikoni, mlio wa vyombo ulikoma. Mama mdogo alikuwa ameacha kuosha.

Mama alisogeza kikombe pembeni. Kisha akashika kalamu, akaipitisha juu ya mistari minne.

Sheria ilipita. Mwaka ulipotimia vifuniko vilifungwa, hata kwenye kiwanda kile, na tangu hapo hakuna aliyekatwa kidole pale. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mama mdogo naye alikuwa bado yuko nyumbani, akiandika kwa mkono wa kushoto barua ambazo hazikujibiwa.

Ndipo mwalimu wetu wa uraia alipomwalika Ngurumo atueleze sheria inavyotungwa. Tulijaa ukumbini. Alituambia kwamba mbunge ni sauti, na asiye na sauti hapitishi kitu. Akaongeza kwamba sheria ya mashine aliiandika mwenyewe, huku machozi yakimtoka. Wenzangu walipiga makofi, mmoja akanigeukia na kuninong'oneza nimwambie Bubu aje ajifunze.

Nikanyoosha mkono. Nilimuuliza mheshimiwa kifungu cha saba kilisema nini kabla hakijafutwa. Akacheka, akasema mambo ni mengi, mtu hawezi kukumbuka yote. Nikawaeleza wote kilisema nini, kilimhusu nani, nani aliyekiandika, na kidole cha nani kilikionyesha kifutwe. Ngurumo aliondoka bila kupiga picha na walimu.

Mwalimu mkuu alitaka niandike barua ya kumwomba Ngurumo radhi. Jioni mama aliweka karatasi mbele yangu. Hakufoka.

"Nimekirudisha kifungu cha saba kwenye kamati, peke yake," alisema. "Nina wajumbe saba tena. Wawili wanaobaki unajua ni wa nani."

Nilikunja mikono.

"Nisikilize, binti yangu. Mbunge anayepitisha sheria husoma kuliko wenzake. Humsikiliza hata asiyempenda. Huacha mwingine apigiwe makofi, na alichonyimwa leo hurudi kesho kukiomba. Mimi nimeng'ata ulimi mpaka umeota sugu. Lakini pale kiwandani mikono ya watu ni mizima. Andika."

Mama mdogo alisukuma kalamu mbele yangu kwa kidole chake cha mwisho.

"Andika, mwanangu. Neno haligharimu kidole."

Niliitazama kalamu, nikamtazama yeye. Kisha nikamrudishia mama karatasi yake, kwa mikono miwili.

"Uliyosema kuhusu kura ni kweli, mama, na nitayashika. Niliyoyasema mimi ni kweli pia. Siombi radhi."

Sikuomba siku ile, sikuomba wiki iliyofuata, na leo siombi.