Koki ya Nyuma ya Mlango

Enyi mnaokaa nyumba moja na wazazi na wadogo zenu, nitegeeni sikio. Mimi ni fundi bomba, kazi yangu ni kuinama chini ya sinki za watu, na huko chini mtu husikia mengi. Hili sikulisikia tu, nililiona kwa macho yangu. Nikilikumbuka naona aibu, maana na mimi nilikuwemo.

Nyumba ilikuwa ya Karani, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Aliishi na mkewe, watoto wao pacha, mama yake mzazi ambaye kila mtu alimwita Bibi, na dada yake mdogo. Pacha walimwita huyo dada Shangazi, nami nitamwita hivyohivyo. Asubuhi zao zilikuwa za raha: pacha wakigombea mswaki, Bibi kakaa kwenye kigoda ukumbini, Shangazi akimchana nywele. Hakuna aliyekuwa na neno na mwenzake. Kisha maji ya bafuni yakaanza vituko.

Leo yanatoka kwa nguvu, kesho yanadondoka tu. Jikoni yapo tele, bomba la uani lipo sawa, bafuni hakuna. Karani akapanda kwenye paa kukagua tangi, akalikuta limejaa. Mkewe akasema pengine majirani wanayavuta. Karani akamuuliza majirani watavutaje maji ya tangi lililo juu ya paa la nyumba hii. Wakaniita.

Siku ya kwanza nilifungua kichwa cha shawa, nikakikuta kimeganda chumvi ya maji. Nikakisugua, nikakirudisha, maji yakamwagika vizuri. Nikajisifu hadi mwenyewe nikajichoka. Wiki haikwisha, Karani akanipigia kwamba hali ni ileile.

Safari hii nilifuata bomba hatua kwa hatua, nikaiona koki ya ukutani nyuma ya mlango wa bafu, ile ya kuzuia maji wakati wa matengenezo. Mlango ukiwa wazi huificha, ndiyo maana mara ya kwanza ilinipita. Ilikuwa imefungwa robo tatu. Nikaifungua, nikaenda sebuleni kuuliza nani ameigusa.

Karani akakataa, mkewe akakataa, na pacha hawaifikii. Bibi alikuwepo, amekaa ametulia, lakini nani angemhoji mtu mzima vile? Macho yote yakamwendea Shangazi. Mke wa Karani akasema amemwona zaidi ya mara moja, asubuhi mapema, mkono wake uko nyuma ya mlango. Shangazi akakubali kwamba huigusa, ila akasema yeye huifungua, haifungi. Basi anayeifunga ni nani? Akamtazama Bibi, akanitazama mimi mgeni, akainamisha kichwa.

"Kaka, naomba tuzungumze pembeni."

"Sema hapahapa. Pembeni kuna nini?"

"Basi. Sina la kusema."

Karani akauona ule ukimya kuwa ndio ushahidi. Akamwambia kama amechoka kukaa nao, njia anaijua. Kesho yake Shangazi akafungasha nguo zake, akahamia kwa rafiki yake. Nami nilikuwa pale maneno hayo yakisemwa, nikajiambia mambo ya ndugu hayanihusu, nikabeba vifaa vyangu nikaondoka.

Sasa sikieni maajabu. Mkorofi kaondoka, maji yangetakiwa kurudi, sivyo? Yakazidi kuadimika. Wiki mbili baadaye Karani aliomba ruhusa kazini akaniita, na nilimkuta amevurugikiwa. Koki ilikuwa imefungwa kabisa. Alikuwa ameanza kumtilia shaka mkewe, na mkewe anamtilia shaka yeye, wanasalimiana kwa kununa. Akaniuliza kama koki inaweza kujifunga yenyewe. Nikamjibu kwamba haiwezi, lakini wallahi hata mimi nilianza kusitasita. Nikaifungua, nikaomba kiti, nikakaa ukumbini kuutazama mlango wa bafu.

Saa nne hivi Bibi akaingia na taulo lake. Nikasikia maji yanamwagika, halafu yakakatika. Akatoka gauni amelivaa nje ndani, na povu la sabuni bado liko shingoni.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Maji yamekatika?"

"Marahaba, baba. Nimeyafunga. Mzee akirudi akakuta yanamwagika, atagomba."

Nilidhani anamsema mwanawe. Nikageuka, nikamwona Karani amesimama nyuma yangu, mkono mdomoni.

"Mzee ni baba," akaniambia polepole. "Tulimzika, mwaka wa tisa huu."

Bibi akatutazama. Akamuuliza mwanawe huyu mgeni ni nani, na kama amekula. Halafu akauliza, "Na mdogo wako yuko wapi? Yeye ndiye hunisuuza."

Hapo ndipo tulipoelewa. Bibi alikuwa akiifunga ile koki kila ikimjia, na kila asubuhi Shangazi alikuwa akiifungua, anamsuuza mama yake, anamvalisha nguo sawasawa, na hakumtangazia mtu. Tangu aondoke, watu wa nyumba ile walisikia maji yakimwagika, wakaamini Bibi ameoga. Karani alipoishusha kola ya gauni, akakuta ngozi imetoka vipele, sabuni ya wiki mbili imemkaukia. Mtu mzima yule alilia mbele yangu, na sikujua niangalie wapi.

Siku hiyohiyo akaniomba nimsindikize kwa dada yake. Aliomba msamaha akiwa amesimama mlangoni. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho.

"Nilitaka pembeni kwa sababu mama alikuwa amekaa pale anasikia," akasema. "Ulitaka nimwambie mbele ya fundi kwamba akili inamtoka?"

Shangazi akaanza kukusanya nguo zake.

"Nitarudi leo, mama asilale na sabuni. Lakini usinishukuru, kaka. Sirudi kwa ajili yako."

Akarudi. Bibi akapelekwa kwa daktari, wakaambiwa ugonjwa wa kusahau hauponi, ila mgonjwa akiwa na mtu wa karibu anaishi vizuri. Mimi niling'oa mpini wa koki ikiwa wazi, nikawakabidhi. Maji yako sawa mpaka leo. Shangazi naye yupo, anamhudumia mama yake, lakini chakula chake anakula chumbani.

Funzo

Maji ya bafuni yakipungua, angalieni kichwa cha shawa, kisha koki, kisha tangi. Hayo ni ya fundi. Yenu ni haya: jambo la nyumbani lisipoeleweka, msikimbilie kutafuta wa kumtwisha lawama. Mzazi akizeeka, msimwamkie tu na kupita, mtazameni shingo yake, mtazameni alivyovaa. Na ndugu akiomba mzungumze pembeni, nendeni pembeni. Karani alikuwa na mama mgonjwa na dada aliyejua kila kitu, wote chini ya paa lake, akaenda kumuuliza fundi bomba.