Mizani ya Mlango wa Tano

Shemeji yangu Zablon, mume wa dada yangu Apolinaria, ni fundi wa kompyuta mjini Tabora. Kwake uchawi ni kichekesho, na mimi nilikuwa nacheka naye. Jumanne hiyo alikunywa chai yake, akabeba begi la vifaa, akaenda Goweko kwenye kazi ya kawaida kabisa.

Ghala moja la tumbaku huko lina mizani nane. Zote zimeungwa kwenye kompyuta kuukuu ya Unix kupitia kadi yenye milango minane ya kuchomekea waya, kila mizani na mlango wake. Mizani ya tano ilikuwa tupu, lakini kompyuta ilikuwa inaandika uzito. Mpimaji wake, Mama Levina, alikaa peke yake pembeni. Wakulima walishasema anawapimia wachawi wenzake.

"Fundi," alinong'ona Mzee Lugembe, mwenyekiti wa ghala, "usipoona ubovu leo, huyu mama anafukuzwa kijijini. Watu wamechoka."

Zablon alikasirika. Akapanda mwenyewe juu ya mizani ile: kilo sitini na moja, uzito wake halisi. Akashuka. Mizani ikaonyesha sifuri. Kompyuta ikaandika thelathini na mbili. Baada ya sekunde kumi, thelathini na mbili. Halafu tena, na tena, bila kuchelewa, kama watu waliopanga foleni.

Akabadilisha waya. Vilevile. Akapunguza kasi ya mawasiliano, akawasha mashine upya. Vilevile. Akachomoa waya kabisa, akabaki nao mkononi.

Thelathini na mbili.

"Hizo ni frasila mbili za zamani," Levina alinong'ona nyuma yake. "Mzigo wa mpagazi mmoja wa misafara. Babu wa mama yangu alipita hapahapa akitoka pwani. Hakufika nyumbani."

"Ni kadi, mama. Kadi ikiharibika inatoa takataka."

"Takataka zisizobadilika?"

Zablon alizima mashine, akang'oa kadi, akaweka ya akiba. Uzito ukakoma. Akatoka nje, akaiinua ile mbovu mbele ya watu: ubovu huu hapa, mwacheni mama wa watu. Wengine waliona aibu. Wengine waliendelea kumkodolea Levina macho, wakaitazama na kadi. Ndiyo maana Zablon akaamua kuondoka nayo. Ingebaki pale, wangesema Levina ameificha.

Levina alimfuata hadi mlangoni. "Baba, usiibebe begani."

Begi lenye kadi lilikuwa limeshaning'inia kwenye bega la kushoto.

Mizani ya tano ni nzima hadi leo, na Levina yupo kwake, anapima tumbaku kwa amani. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kadi Zablon aliitupa jalalani wiki ileile. Lakini bega la kushoto limeota sugu, nene, ngumu, na Apolinaria anaikanda kwa mafuta huku akilia. Zablon anatembea ameinamia upande. Hajanenepa wala kukonda, suruali ni zilezile. Naogopa, sifichi.

Wiki iliyopita nilimpeleka zahanati. Akavua viatu, akapanda kwenye mizani. Nesi akasoma. Akasoma tena.

"Tisini na tatu?"

Akainua macho, akamtazama Zablon begani. Sauti yake ikawa ndogo.

"Kaka, tua kwanza huo mzigo."

Begani kwa Zablon palikuwa na shati tu.